Kamera Nne, Uso Mmoja

Baba yangu aliitwa Tluway Margwe, mkulima wa ngano na mfugaji wa ng'ombe wachache, na mama yangu aliitwa Elizabeti, mfinyanzi wa vyungu. Nilizaliwa Dongobesh, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako ukungu wa asubuhi huondoka pale unapotaka wenyewe. Sikuketi darasani hata siku moja. Kwa hiyo maneno haya ni yangu, na mkono unaoyaandika ni wa mjukuu wangu Neema, ambaye nimemwonya asiyapambe. Nayasema kwa ajili yenu mliobaki studio pale Babati, ambao kwa miaka mingi mlijiuliza kwa nini mama mtu mzima alitetemeka kila bahasha ya picha ilipofunguliwa. Mlicheka kwa adabu, mkidhani siwaoni. Nilikuwa nawaona.

Nilishuka Babati nikiwa mjane, na binti yangu Regina mkononi. Mwenye studio alikuwa Bwana Shabani, ambaye babu zake walikuja kutoka Pangani na biashara ya vitambaa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku ya kwanza alinipa ufagio na onyo, akiwa amesimama mbele ya mlango uliopakwa rangi nyeusi.

"Mama Regina, mlango huu ukiufungua bila kubisha, umeua watu."

Nilifagia siku nzima nikiamini kwamba ndani mna maiti. Jioni alinichukua akanionyesha. Palikuwa na taa nyekundu tu, kwa kuwa mwanga wa nje huziua picha, mabeseni matatu ya dawa, na karatasi nyeupe iliyolala majini. Nikaona uso wa mtu ukipanda taratibu kutoka katika ile karatasi, kwanza nywele, kisha macho. Nilitaka kukimbia. Yeye alidhani nimetulia, akasema mtu asiyepiga kelele gizani anafaa kazi hii. Ndivyo nilivyopata kazi ya chumba cha giza. Nilidhani nitazoea kuona nyuso zikipanda. Sikuzoea.

Hofu ya kazi yetu ya wakati ule ninyi wenye simu hamwezi kuijua. Mpiga picha alibonyeza, akashukuru, akaondoka, na hakuna aliyejua kama ndani ya kamera kumeingia kitu au hakukuingia. Mtu alilipa, akavaa vizuri, akasimama, akaenda zake, na sisi tukabaki tumeshika mkanda wa filamu kama yai lisilojulikana lina nini. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuona. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeogopa wa kwanza.

Mkoa wa Manyara ulipoundwa na Babati ikawa makao yake, mji ulijaa watumishi waliohamishwa, na kila mmoja alihitaji picha ndogo za kubandika kwenye fomu na vitambulisho. Picha za rangi zilikuwa zimeshika soko. Mikanda yake hatukuisafisha sisi. Tuliituma Arusha kwa basi, nayo bahasha ilirudi kwa basi. Chumba cha giza kikabaki na kazi ndogo, nami nikawa mtunza kamera. Tulikuwa na nne, zote za mkono wa pili, kila moja na mahali ilikotoka na ugonjwa iliokuja nao. Mpiga picha wetu alikuwa Elias, mtu mzima mwenye ndevu, hodari wa kuchekesha maharusi.

Elias alienda kupiga harusi Sigino. Mkanda haukushika meno ya kamera, naye hakutambua. Alibonyeza tangu kanisani hadi keki, na bahasha iliporudi kutoka Arusha ilikuwa na mkanda mtupu kama dirisha. Mama wa bibi harusi alikuja kwa miguu, akakaa kwenye benchi la wateja, akatengeneza kanga yake begani.

"Mama Regina, hivi mwanangu ameolewa?"

"Ameolewa, dada yangu."

"Basi nionyeshe."

Sikuwa na cha kumwonyesha.

"Shangazi yake alikuwepo siku ile, alicheza," akasema. "Tumemzika wiki hii. Ndiyo picha niliyoifuata."

Hakutukana, wala hakudai kitu. Alikaa pale mpaka Elias akatoka kwa mlango wa nyuma, kisha akaondoka. Baada ya swala ya Ijumaa Bwana Shabani alituita sote wawili.

"Tunazisifu kamera hizi kama watu wanavyosifu ng'ombe wao," alisema. "Elias anapenda ile nyeusi kwa sababu ni nzito. Mimi napenda ile niliyoinunua ghali. Hakuna aliyewahi kuzisimamisha pamoja akazitazama. Kuanzia leo tutazipima, na tutazipima kwa namna moja, mwezi kwa mwezi, hata kama tumechoka."

Sikilizeni namna yenyewe, kwa sababu wengi wenu mliirithi bila kuielewa. Kiti tulikipigilia misumari sakafuni. Miguu ya stendi ya kamera iliwekewa vichwa vya misumari, ili isimame palepale. Pazia lilikuwa lile la bluu, dirisha lilifungwa, na mikanda ilikuwa ya aina moja. Elias pekee ndiye aliyebonyeza. Kila kamera ilipiga mara moja kwa flashi na mara moja bila flashi. Kanuni ya Bwana Shabani ilikuwa kwamba kinachobadilika kiwe kimoja tu, nacho ni kamera; vingine vyote vikae kama vilivyokaa mwezi uliopita. Ukibadilisha viwili, alisema, hutajua ni kipi cha kulaumu.

Kwa kuwa mimi sikusoma, kila kamera ilifungwa uzi wa rangi yake kwenye mkanda wa kuning'inizia: kijani, nyekundu, njano, nyeupe. Kipande cha kitambaa cha rangi hiyohiyo kilibanwa kwenye pazia, karibu na bega la aliyeketi, ili picha yenyewe iseme imetoka kamera gani. Picha zilipofika tulizibandika ukutani. Mstari uliolala ulikuwa wa kamera moja, na safu iliyosimama ilikuwa ya mwezi mmoja. Kwa ukuta ule tulijua kwamba ya njano inafifisha pembeni na haifai picha ya ukoo mzima, na kwamba ya nyekundu huwapa watu rangi ya matofali. Tulizipangia kazi kwa tabia zao. Hakuna harusi iliyopotea tena.

Kilichotusumbua ni nani akae kitini. Uso nao ulipaswa kuwa uleule. Bwana Shabani alikaa kwanza, lakini ndevu zake za hina zilibadilika kila mwezi, nasi tukawa tunalaumu kamera kwa mambo ya hina. Mimi nilikaa, nikafumba macho kila flashi ilipowaka. Elias akasema, "Mama, kwa picha hizi watu watadhani tunapima kamera kwa marehemu." Ndipo tulipomkalisha mtoto.

Neema, usisimamishe kalamu. Mtoto huyo ni wewe, na waliobaki studio wajue hivyo. Mama yako Regina alikuwa akiuza chakula stendi ya mabasi, na mchana wewe ulikuwa mikononi mwangu. Ulikuwa umejua kutembea bila kuanguka, ulikuwa na kipande cha muwa, na Elias alilia kama mbuzi nyuma ya kamera hadi ukatazama mbele. Hukufumba macho. Ulikuwa uso bora kuliko wetu wote, nami nilijivuna, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara.

Miezi kadhaa ilipita vizuri. Kisha ikaja bahasha ambayo ndani yake, katika picha ya flashi ya kamera ya kijani, jicho lako la kulia lilikuwa na wekundu ule wa kawaida wa flashi, na la kushoto lilikuwa jeupe. Sisemi weupe wa jicho ambao kila mtu anao. Ni mboni yenyewe iliyokuwa nyeupe, weupe uliotoka ndani, kama maziwa yaliyomulikwa ndani ya kibuyu. Niliogopa kabla sijajua naogopa nini.

"Lenzi imeingia unyevu," Elias alisema. "Si Ziwa Babati liko hapo?"

Tuliilaza kamera ya kijani kwenye debe la mchele ikauke. Mwezi uliofuata kamera ya nyekundu nayo ikaonyesha weupe uleule, na ya njano. Tulibadilisha betri. Tulilaumu mikanda. Elias akapanda basi hadi Arusha kugombana na waliosafisha picha, akarudi. Nilimuuliza wamesemaje.

"Wamesema, 'Kaka, sisi tunasafisha mikanda, hatusafishi macho.'"

Wateja walianza kurudishwa mlangoni kwa kukosa kamera inayoaminika. Mwezi mwingine ulipofika na kamera ya uzi mweupe nayo ikatoa weupe, nilisimama mbele ya ukuta na bahasha mkononi. Kosa la kamera hufuata mstari wa kamera hiyo, mwezi hadi mwezi. Ndivyo tulivyozoea kulisoma. Weupe huu haukufuata mstari. Ulianza katikati ya ukuta, ukaenda juu na chini, kamera zote, na daima ulikuwa katika jicho la kushoto. Picha za wateja zilizotoka kwenye mikanda hiyohiyo hazikuwa nao. Bwana Shabani alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Alivua kofia yake.

"Mama Regina, kanuni yetu inasemaje?"

"Kinachobadilika kiwe kimoja."

"Kamera tumezibadilisha zote. Kimebaki nini?"

Nilizirudisha picha ndani ya bahasha.

"Kimebaki kiti, na aliyekalia kiti."

"Basi kiti ni kibovu," nilisema.

Hakucheka. Alisema kesho yake kamera itakuwa moja, na nyuso zitakuwa mbili. Tungemkalisha Neema, kisha tungemkalisha mtoto mwingine wa umri wake, na kisibadilike kitu kingine. Nilimwambia kamera ni mbovu, zote nne, tuziuze na tununue nyingine. Alinijibu kwa upole ulionitisha kuliko ukali. "Zikiwa mbovu zote nne, nitachinja mbuzi nishukuru. Lakini mlete mtoto."

Tulimwomba fundi cherehani wa jirani atuazime binti yake, Zuhura. Akakaa, Elias akalia kama mbuzi, flashi ikawaka. Ukakaa wewe, ikawaka tena. Mkanda ukaenda stendi. Kazi yangu ilikuwa kutunza kamera, na katika kungojea bahasha ile niliomba Mungu kamera zote ziwe zimeharibika, zisifae hata kuchezewa. Sijui kama kuna mfanyakazi mwingine aliyewahi kuombea vyombo vyake hivyo.

Asubuhi moja, bahasha ikiwa bado haijafika, nilikuwa nikikulisha uji. Nililiziba jicho lako la kushoto kwa kiganja. Uliendelea kukifuata kijiko kwa kichwa, kama kawaida. Nikabadilisha kimoja tu: nikaliziba la kulia. Mkono wako ulibaki hewani, ukitafuta kijiko kilichokuwa mbele yako, kisha ukalia na kuusukuma mkono wangu. Nilikaa chini. Uji ulipoa, ukautapanya, sikukugombeza.

Bahasha ilipofika Bwana Shabani aliifungua mwenyewe. Macho ya Zuhura yote mawili yalikuwa na wekundu. Lako la kushoto lilikuwa jeupe.

Nilipomwambia Regina, alinitazama kama mtu asiyenijua. "Mama, umemchoma mwanangu jicho kwa hizo flashi zenu. Kila mwezi unamweka mbele ya moto, kila mwezi, kwa ajili ya kamera." Nami nilikuwa nikiwaza hilohilo. Majirani zetu wa Nakwa, tulikokuwa tukiishi, walikuwa wameshaanza kusema kwamba studio ya Bwana Shabani inakula macho ya watoto, na Zuhura akakatazwa hata kucheza kibarazani kwetu. Bwana Shabani hakubishana na yeyote. Alizibandua picha zote ukutani kwa mpangilio wake, akazifunga kwa kitambaa, akanipa.

"Usimwambie daktari unachofikiri," alisema. "Mwonyeshe ukuta."

Daktari alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa Babati pamoja na watumishi wa mkoa mpya. Alikumulika kwa tochi yake ndogo kwa muda mrefu, kisha akazipanga picha kitandani, safu kwa safu, nikimwonyesha. Aliweka kidole kwenye safu za mwanzo.

"Hizi ndizo za zamani?"

"Ndizo."

"Na hapa jicho halina kitu."

"Halina."

"Vizuri mmezileta hata zisizo na kitu. Jambo hili halijakaa muda mrefu. Mnaenda Moshi, hospitali kubwa, na mnaenda kesho. Msiseme wiki ijayo."

Regina alimuuliza kama ni flashi. Daktari alimgeukia yeye, si mimi. "Mama, flashi haifanyi hivi. Ni uvimbe unaoota ndani ya jicho, kwa nyuma. Flashi imeumulika tu, ndiyo maana mmeuona." Regina alinishika mkono. Watu wangetarajia niseme kwamba nilifarijika. Sikufarijika. Flashi tungeweza kuiacha. Uvimbe haukuwa na mtu wa kuuzima.

Moshi walisema maneno machache. Jicho likiachwa, uvimbe utapanda kichwani na mtoto atakufa. Likitolewa sasa, kuna matumaini makubwa. Regina aliuliza kama la kulia litabaki linaona, akaambiwa kwamba kwa sasa ni zima, lakini liangaliwe. Akatia sahihi ya upasuaji. Bwana Shabani alikuwa ameifunga studio na kuja kwa basi lililofuata, akakaa nami kwenye korido, tasbihi yake mkononi na rozari yangu mkononi mwangu. Daktari alipotoka na kutuambia umeamka na unadai muwa, Bwana Shabani ndiye aliyelia.

Hilo "liangaliwe" ndilo lililonizeesha. Ratiba ya hospitali tuliifuata bila kukosa, na kati ya safari na safari nilikukalisha kwenye kiti kilekile, pazia lilelile, kila mwezi. Elias hakuwa tena na haja ya kulia kama mbuzi. Ulikuwa umekua na ulimwambia anakera. Kamera zilikuwa zikipimwa pamoja nawe, lakini mimi sikuwa nikizitazama kamera. Nilikuwa nikitazama jicho la kulia. Kila bahasha ya Arusha ilikuwa hukumu, na kila nilipokuta wekundu ule wa kawaida nilikaa kwenye benchi la wateja, picha mapajani. Ndiyo maana, enyi vijana wa studio, niliwafokea mlipotaka kung'oa misumari ya kiti ili mfagie vizuri. Ndiyo maana sikuruhusu mtu kubadilisha pazia kuwa la kisasa. Mlisema mama huyu ni mkali bila sababu. Sababu ilikuwa ikisoma shule ya msingi Bonga.

Kamera za kuonyesha picha palepale zilipokuja, Elias alinipigapiga mgongoni: "Mama, hofu yako imestaafu kabla yako." Haikustaafu. Ilifupishwa tu. Zamani niliogopa hadi basi lifike. Sasa niliogopa kwa muda wa kupepesa jicho. Bwana Shabani alipofariki, Mungu amrehemu, Elias aliichukua studio, na kiti kiko palepale. Mwaka huu nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Mkiendelea na vipimo vile, fanyeni bila kuchagua miezi. Mwezi mnaouruka ndio mtakaoutafuta.

Sasa nasema nawe, Neema, na hili nalo liandike.

Daktari wa Moshi alisema jambo ambalo mama yako alikuambia siku ulipoolewa: watoto utakaowazaa wachunguzwe macho tangu wakiwa wachanga, kwa kuwa uvimbe ule waweza kupita kwa damu. Mwanao Daudi ameanza kukaa mwenyewe. Kila ninapokuuliza unasema wiki ijayo. Juzi ulisema macho yake ni mazuri, kwamba unayatazama kila siku. Mama yako naye alikuwa akiyatazama yako kila siku.

Picha za ukuta ziko kwenye sanduku la bati. Nilikusikia ukimwambia mumeo kwamba nikifa utazichoma, kwa sababu hutaki mtoto wako aone jicho lile. Usizichome. Zitunze kwa safu zake, wala usitunze zile za kupendeza peke yake. Zile za mwanzo, zisizo na kitu, zitunze kuliko nyingine zote, kwa sababu ndizo zilizomwambia daktari kwamba hatujachelewa. Picha ya Zuhura itunze. Alikaa kitini kwa ajili yako bila kujua, naye hakuwahi kushukuriwa. Kamera zile nne zilizochakaa mpe Elias, azitupe au azipambie dirisha, si kazi yako. Kofia ya Bwana Shabani, ambayo wanawe walinipa, ikae na picha.

Najua kwa nini hujaenda. Hutaki kuona. Hata mimi nilitaka kamera zote nne ziwe mbovu. Lakini hospitali kwanza, na baada ya hospitali tutamkalisha Daudi kwenye kiti kila mwezi kama tulivyokukalisha wewe, na picha zake utazianzishia ukuta wake, zikiwemo za siku ambazo hakuna cha kuona.

Funga daftari. Mvalishe mtoto sweta, asubuhi kuna baridi. Basi la Moshi nimeshalikatia tiketi, nami nimejichukulia kiti kando yenu.